Kuhamisha Mawe au Kuhamisha Mtambo: Misingi ya Kuchagua Mitambo ya Kuponda Mawe kwa Ujenzi na Uchimbaji Madini katika Kata ya Nambilanje, Wilaya ya Ruangwa

1. Utangulizi

Nambilanje ni kata katika wilaya ya Ruangwa, mkoa wa Lindi. Ruangwa na wilaya jirani ya Nachingwea zimejulikana kwa muda mrefu kwa korosho na ufuta. Katika miaka ya karibuni zimejulikana pia kwa madini: dhahabu ya wachimbaji wadogo, kinywe cha Matambarale na nikeli ya Ntaka Hill. Aidha, barabara ya Nanganga–Ruangwa–Nachingwea imo miongoni mwa barabara za kusini zilizopangwa kujengwa kwa kiwango cha lami. Shughuli hizi zote zina hatua moja ya pamoja: jiwe kubwa halina thamani mpaka livunjwe liwe dogo.

Hatua hiyo hufanywa na mtambo wa kuponda mawe, ambao wachimbaji wengi nchini huuita karasha. Mitambo hii iko ya namna mbili kuu: ile inayofungwa mahali pamoja juu ya msingi wa zege, na ile inayotembea kwa magurudumu au minyororo. Mara nyingi uchaguzi baina ya namna hizi mbili huchukuliwa kuwa suala la ukubwa au la mtaji, yaani mwenye fedha nyingi hufunga mtambo wa kudumu na mwenye fedha kidogo hutafuta wa kuhamishika. Makala haya yanafafanua kwamba mtazamo huo hautoshi. Swali la msingi ni kipi kina gharama ndogo zaidi kuhamishwa, mawe au mtambo, na jibu lake hutofautiana kwa kokoto za barabara, mbale za dhahabu na mwamba wa kinywe, hata kama vyote vinatoka katika wilaya moja.

2. Kuponda na kusaga

Lugha ya jikoni inasaidia kutofautisha hatua mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Kinu na mchi huponda, na jiwe la kusagia husaga. Kuponda ni kuvunja pande kubwa kuwa vipande vinavyoonekana na kushikika, aghalabu kutoka ukubwa wa nusu mita hadi milimita 20 au chini kidogo. Kusaga ni kuvigeuza vipande hivyo kuwa unga. Ujenzi wa barabara na majengo huishia katika kuponda. Uchenjuaji wa dhahabu na kinywe lazima uendelee hadi kusaga, kwa kuwa chembe za madini zimefungwa ndani ya mwamba na hazitoki mpaka mwamba uwe laini. Neno karasha katika machimbo ya wachimbaji wadogo hutumika kwa mashine za hatua zote mbili, na mazoea hayo huficha tofauti ambayo, kama itakavyoonekana katika sehemu ya 5, ni kubwa mno.

Mashine ya kuponda ilizaliwa barabarani. Mwaka 1851 Eli Whitney Blake alipewa jukumu la kusimamia ujenzi wa barabara ya mawe yaliyopondwa katika mji wa New Haven, Marekani. Mawe hayo yalikuwa yakivunjwa kwa nyundo za mikono. Blake alibuni mtambo wenye taya mbili za chuma, moja imesimama na nyingine inasogea mbele na nyuma, akapata hataza yake mwaka 1858. Mtambo wa taya unaotumika leo katika machimbo ya mawe duniani kote bado unafuata wazo hilohilo: jiwe huingia juu penye upana, hubanwa, huvunjika, hushuka na kubanwa tena, hadi linapopita katika uwazi mwembamba wa chini.

Baada ya taya hufuata aina nyingine mbili. Mtambo wa koni huponda kwa kubana vilevile, lakini kwa koni ya chuma inayozunguka kwa kuyumba ndani ya bakuli. Kazi yake ni hatua ya pili na ya tatu. Mtambo wa kugonga haubani bali hulipiga jiwe kwa nyundo zinazozunguka kwa kasi na kulirusha kwenye bamba la chuma. Uwiano wa ukubwa wa jiwe linaloingia kwa linalotoka hutofautisha aina hizi: mtambo wa taya hupunguza kwa kawaida mara nne hadi sita, wa koni takriban mara tatu hadi sita, na wa kugonga unaweza kufika mara 20 kwa hatua moja.

Kwa kutazama namba hizo pekee, mtambo wa kugonga ungeonekana kuwa bora kuliko yote. Kinachouzuia ni asili ya mwamba. Sehemu kubwa ya Ruangwa na Nachingwea imo katika Ukanda wa Msumbiji, ukanda wa miamba ya kale iliyogeuzwa na joto na mgandamizo: naisi, shisti na marumaru. Naisi ina kwatzi nyingi, na kwatzi hula chuma. Nyundo za mtambo wa kugonga zikikutana nayo huisha haraka, na kila nyundo inayobadilishwa ni siku ya kazi iliyopotea na kipuri kilichosafiri kutoka mbali. Marumaru ni laini zaidi na inaweza kupondwa kwa kugonga bila hasara hiyo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza kabla ya kununua au kukodi mtambo ni kiasi cha kwatzi katika mwamba wa mahali penyewe. Tangazo la muuzaji juu ya tani kwa saa huja baadaye.

3. Mtambo wa kudumu na mtambo wa kuhamishika

Mtambo wa kudumu hujengwa juu ya zege. Una ngazi ya kupokelea mawe kutoka kwenye malori, taya, koni moja au zaidi, machekeche ya kutenganisha kokoto kwa ukubwa, na mikanda inayosafirisha mawe kutoka hatua hadi hatua. Huendeshwa kwa umeme wa gridi pale unapofika. Faida zake ni gharama ndogo ya nishati na matengenezo kwa kila tani, nafasi ya kufunga vizuia vumbi vya uhakika, na uwezo wa kutoa kokoto za ukubwa mbalimbali kwa wakati mmoja. Udhaifu wake ni kwamba mawe lazima yaufuate.

Mtambo wa kuhamishika una taya au koni, chekeche, mkanda na injini vilivyofungwa juu ya fremu moja. Wa magurudumu huvutwa na kichwa cha lori. Wa minyororo, kama katapila, hujisogeza wenyewe ndani ya machimbo, lakini barabarani lazima ubebwe juu ya trela. Mingi huendeshwa kwa dizeli. Si kweli kwamba mitambo hii ni midogo kwa lazima. Iko inayoponda mamia ya tani kwa saa. Faida yake ni kuufuata mwamba ulipo. Udhaifu wake ni mafuta, mtikisiko unaochosha vyuma na ugumu wa kudhibiti vumbi.

Baina ya hizo mbili iko namna ya tatu, mtambo uliofungwa juu ya fremu za chuma zinazowekwa ardhini bila msingi mkubwa wa zege. Huhamishwa kwa siku au majuma kadhaa, hivyo hufaa kazi ya mwaka mmoja au miwili.

4. Kokoto za barabara: hesabu ya masafa

Katika ujenzi wa barabara, karibu kila kinachopondwa hutumika. Jiwe halipungui uzito kwa kupondwa. Linalobadilika ni ukubwa tu. Kwa hiyo gharama inayotawala ni ya kusafirisha, nayo huweza kukokotolewa kwa mfano rahisi.

Chukua kilomita 50 za barabara yenye tabaka la kokoto lenye upana wa mita 7 na unene wa sentimita 15. Kila kilomita inahitaji mita za ujazo 1,050. Tabaka lililoshindiliwa likiwa na uzito wa tani 2.2 kwa kila mita ya ujazo, kilomita moja inahitaji tani 2,310, na barabara nzima tani 115,500. Mtambo ukifungwa kwenye ncha moja ya barabara, kila tani husafiri wastani wa kilomita 25, na kazi ya malori hufika tani-kilomita 2,887,500. Ukifungwa katikati, wastani hushuka hadi kilomita 12.5 na kazi kuwa 1,443,750. Mtambo wa kuhamishika ukifanya kazi katika vituo viwili, cha kwanza kilomita 12.5 kutoka ncha moja na cha pili kilomita 12.5 kutoka ncha nyingine, wastani huwa kilomita 6.25 na kazi hubaki tani-kilomita 721,875, yaani robo ya ile ya kwanza.

Hesabu hii inadai sharti moja: mwamba unaofaa uwepo karibu na kila kituo. Pale sharti linapotimia, mara nyingi dizeli ya ziada inayochomwa na mtambo wa kuhamishika hufidiwa na ile ambayo malori hayakuichoma, na barabara za udongo za vijiji zinazopitiwa na malori hayo hupumzika. Pale lisipotimia, mtambo wa kuhamishika hauna kazi ya kuhamia, na faida yake hutoweka.

Kuhamisha nako kuna mipaka yake. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, iliyoanza kutekelezwa Tanzania mwaka 2019, imeweka ukomo wa tani 56 kwa gari pamoja na mzigo wake. Mtambo wa taya wa minyororo wa daraja la kati una uzito wa tani 30 hadi 50. Ukiwekwa juu ya trela na kuvutwa na kichwa cha lori, jumla inaweza kuvuka ukomo huo kwa urahisi, na safari ikahitaji kibali maalumu. Madaraja madogo na makalavati ya barabara za kata hayakujengwa kwa uzito wa namna hiyo. Zaidi ya hayo, mkoa wa Lindi una msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kuisha karibu na Aprili. Mtambo uliokusudiwa kuhama mwezi wa Februari unaweza kujikuta umekuwa wa kudumu bila hiari ya mwenyewe.

5. Mbale za dhahabu: hesabu ya nishati

Kwa dhahabu mambo hugeuka. Mwamba wenye gramu 10 za dhahabu kwa tani huhesabiwa kuwa mzuri, na maana yake ni kwamba katika kila tani inayobebwa, gramu 999,990 si dhahabu. Ingedhaniwa basi kwamba mashine zote zipelekwe shimoni ili kuepuka kubeba takataka. Kinachopinga ni nishati.

Mwaka 1952 Fred Bond alichapisha kanuni inayokadiria nishati ya kupunguza ukubwa wa mawe. Kanuni hiyo hutumia ukubwa ambao asilimia 80 ya mawe huupita, kabla na baada ya kazi, pamoja na kipimo cha ugumu wa mwamba. Kwa mwamba wenye kipimo cha kilowati-saa 15 kwa tani, kuponda kutoka milimita 400 hadi milimita 20 kunahitaji takriban kilowati-saa 0.82 kwa tani. Kusaga kutoka milimita 20 hadi unga wa milimita 0.075 kunahitaji takriban kilowati-saa 16.3 kwa tani ileile. Kusaga hula nishati karibu mara 20 ya kuponda.

Tofauti hiyo inaonyesha mahali pa kutenganisha kazi. Hatua ya kuponda ni nyepesi kwa nishati. Inaweza kufanywa kwa dizeli karibu na maduara, kwa mtambo mdogo wa taya juu ya magurudumu. Hatua ya kusaga ni nzito, nayo inahitaji umeme na maji ya uhakika. Inafaa ifungwe mahali pamoja, penye nguzo za umeme na kisima, na ihudumie maduara mengi. Kuweka kinu cha kusagia kinachotumia dizeli katika kila kundi la maduara ni kuipeleka sehemu ghali zaidi ya kazi mahali ambapo nishati ni ghali zaidi.

Nchini upo mfano wa mpangilio wa kudumu unaohudumia wachimbaji wadogo: vituo vya mfano vya uchenjuaji vilivyojengwa Lwamgasa mkoani Geita, Katente wilayani Bukombe na Itumbi wilayani Chunya, vilivyo chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO). Lengo lake ni kumpa mchimbaji mdogo mahali pa kusagia na kuchenjua mbale zake kwa njia inayokamata dhahabu nyingi kuliko zebaki.

Suala hili lina upande wa kijamii ambao hesabu ya kilowati haiuonyeshi. Katika maeneo mengi ya wachimbaji wadogo, mwenye karasha hulipwa kwa fedha au kwa kubaki na marudio, yaani unga unaosalia baada ya kuosha. Kwa kuwa zebaki huacha sehemu ya dhahabu katika marudio, mwenye mashine anaweza baadaye kuyachenjua kwa sayanidi na kupata dhahabu ambayo mchimbaji aliihesabu kuwa takataka. Mahali mashine inapokaa, na nani anaimiliki, huamua basi nani anavuna sehemu ya pili ya mavuno. Mpango wowote wa mtambo kwa wachimbaji wa Ruangwa usiotaja umiliki wa marudio umeacha nje sehemu kubwa ya uchumi wake.

6. Kinywe: pale upole unapozidi nguvu

Kinywe kina sharti lake la pekee. Bei yake hutegemea usafi na ukubwa wa magamba yake. Magamba yenye upana wa zaidi ya milimita 0.3 huuzwa kwa bei ya juu kuliko unga wa kinywe. Gamba likisagwa kupita kiasi haliwezi kurudishwa. Mgodi wa Lindi Jumbo, ulioko Matambarale wilayani Ruangwa na kupangwa kuzalisha tani 40,000 za kinywe kilichochenjuliwa kwa mwaka, unabeba hata katika jina lake ahadi ya magamba makubwa.

Kwa mwamba wa namna hii, mtambo bora ni ule unaopunguza ukubwa kwa hatua nyingi ndogo, ukitoa magamba yaliyokwisha kuachana na mwamba kabla ya kusaga yaliyobaki. Kazi hiyo inahitaji mzunguko wa mashine zilizounganishwa, vipimo vya maabara vya kila siku na mwamba unaoingia kwa kiwango kisichobadilika sana. Mtambo unaohamahama hauwezi kutoa utulivu huo. Kwa kinywe, mtambo wa kudumu kando ya machimbo ndio jibu. Mtambo wa kuhamishika unaweza kusaidia katika kuponda kwa awali au katika kupata kokoto za barabara za ndani ya mgodi.

7. Muda wa mwamba na muda wa leseni

Zege halihami. Anayelimwaga anatabiri kwamba mwamba na kazi vitadumu kuliko deni la ujenzi. Sheria ya Madini ya mwaka 2010 hutoa leseni ndogo ya uchimbaji kwa muda wa miaka saba, inayoweza kuhuishwa. Kwa mwenye leseni ya namna hiyo, mtambo wa kudumu unaohitaji miaka kumi kurudisha gharama ni mzigo unaotegemea uhuishaji ambao bado haujapatikana.

Nachingwea inalo somo la zamani juu ya jambo hili. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha Mradi wa Karanga katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mashine nzito zilifika kabla ardhi haijapimwa vya kutosha. Huko Kongwa udongo wenye mchanga mkali ulikula majembe ya matrekta. Kwa ajili ya mradi huo ilijengwa bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Mradi ulifutwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mwaka 1962. Bandari imedumu hadi leo. Reli ilitegemea mzigo mmoja, na mzigo ulipokosekana haikuwa na kazi. Bandari ilipata mizigo mingine, korosho ikiwemo. Kanuni hiyohiyo inahusu mtambo wa mawe: wa kudumu hustahimili ukihudumia zaidi ya mwamba mmoja na zaidi ya mteja mmoja.

8. Vumbi

Mwamba unaokula nyundo huumiza pia mapafu. Kwatzi inapovunjwa hutoa vumbi la silika, na chembe zake ndogo zaidi, zisizoonekana kwa macho, hufika ndani kabisa ya mapafu na kusababisha silikosisi. Ugonjwa huo hauna tiba ya kuuondoa, na humweka aliye nao katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 humtaka mwajiri kuwakinga wafanyakazi, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 huweka utaratibu wa tathmini ya athari kabla ya miradi kuanza.

Kinga ya msingi ni maji yanayonyunyizwa kwenye mdomo wa taya, kwenye chekeche na mwisho wa mkanda, pamoja na vifuniko. Katika mtambo wa kudumu vifaa hivi hujengwa mara moja. Katika mtambo wa kuhamishika, bowza la maji lazima liufuate kila unapohamia, na katika miezi ya kiangazi ya Ruangwa maji hayo hushindaniwa na matumizi ya nyumbani. Mtambo unaoponda mkavu kwa sababu maji hayakufika umehamishia gharama yake kwenye vifua vya wanaoulisha. Gharama hiyo haionekani katika hesabu ya bei kwa tani, lakini mtathmini anapaswa kuiingiza.

9. Hitimisho

Kwa eneo lenye sura ya Nambilanje, ambapo kokoto, dhahabu na kinywe vimo ndani ya wilaya moja, hakuna mtambo mmoja unaofaa vyote. Kokoto za barabara hunufaika na mtambo unaohama iwapo mwamba unaofaa upo zaidi ya mahali pamoja na uhamaji umepangwa nje ya msimu wa mvua. Dhahabu hunufaika na mgawanyo wa kazi: kuponda shimoni, kusaga kwenye kituo cha kudumu chenye umeme, maji na makubaliano ya wazi juu ya marudio. Kinywe hudai mtambo wa kudumu kwa ajili ya magamba yake.

Mpangilio huu unategemea vipimo vinavyoweza kufanywa kabla ya fedha kutumika: kiasi cha kwatzi, kipimo cha ugumu wa mwamba, umbali hadi nguzo ya umeme iliyo karibu, mavuno ya kisima wakati wa kiangazi, na miaka iliyobaki katika leseni. Vipimo hivyo ni rahisi kulinganisha na bei ya mtambo. Vikikosekana, kosa litakalofanywa Ruangwa litafanana na lile la Kongwa: mashine kuitangulia ardhi inayopaswa kuifanyia kazi.